Bwana Vidole na Kikombe cha Mwisho

Kibao cha kahawa cha Mzee Jumbe kilikuwa pale ambapo njia ya soko la Msambweni huanza kuteremka kwenda pwani, chini ya upenu wa makuti uliovuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo alipokaa aliyechelewa. Ukishatoka sala ya Ijumaa, miguu yenyewe ilikupeleka. Alikuwapo Boga, waliyemwita Redio, kwa kuwa alisikiliza habari katika redio ya dukani kwa Mhindi na kuzifikisha barazani zikiwa zimenenepa. Alikuwapo Chirau, waliyemwita Sarange kama mkuu wa mabaharia, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Pemba, na huko alitapika kwenda na kurudi. Alikuwapo Mwinga, au Hakimu, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama ya Kwale na tangu hapo akawa hasikii jambo bila kulitolea hukumu. Na alikuwapo Suleiman, fundi wa vitanda, waliyemwita Kimya. Mwaka ulikuwa ule wa vita vya mfereji wa Suweis, vuli imeanza, na kwa mujibu wa Redio dunia nzima ilikuwa inangoja kusikia Msambweni wasema nini.

Ijumaa hiyo gari la kijani lilikuwa limesimama chini ya mivinje, na wote walijua ni la nani. Bwana Vidole alikuwa Mzungu mzee wa Diani, kepteni wa manowari aliyestaafu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, kwa muda wa miaka miwili sasa, alikuwa akija Msambweni, akiteremka pwani, akivua kofia na kusimama akiitazama bahari muda wa mtu kunywa vikombe viwili. Kisha hupanda tena na kupita mbele ya kibao. Husema, "Salaam aleikum." Nao huitikia, "Waaleikum salaam." Hutua kidogo, kama mtu aliyesahau fimbo yake, halafu huenda garini. Hayo tu. Lakini kwa hayo tu, kibao kilikuwa kimepata maneno ya miaka miwili.

— Mtazameni vizuri leo, alisema Redio. Hamtamwona tena. Jumatano yuapanda meli Kilindini, arudi kwao. Mpishi wake ndiye aliyenambia. Makasha yamefungwa, hata mbwa keshapewa mtu.

Suleiman alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kikasimama njiani.

— Kwao wapi na mfereji umefungwa? aliuliza Sarange. Meli zote sasa zazunguka Rasi ya kusini.

— Ndivyo usemavyo wewe. Kwao ni jina tu. Ameitwa Suweis. Vita vikichacha huitwa wazee wanaovijua. Si wahenga walisema, jogoo wa shamba hawiki mjini?

— Jogoo wa shamba ndiye nani hapo? aliuliza Hakimu.

— Ndiye huyo. Yuko shamba Diani, hawiki. Mpeleke Suweis umsikie.

Hakimu alitoa hukumu kwamba methali imevunjwa mguu na aliyeivunja yupo. Mzee Jumbe akacheka chini kwa chini huku akisuuza vikombe. Suleiman hakucheka. Alikuwa anahesabu: leo Ijumaa, Jumatano si mbali, na mtu huyo hatapita tena hapa.

Alikuwa na sababu yake. Mdogo wake, Salimu, aliandikwa ubaharia wa manowari wakati wa vita vikubwa, akawa mpeperusha bendera za ishara katika meli ndogo iliyokuwa ikifagia mabomu baharini. Mara ya mwisho alipokuja likizo alikaa uani akila muhogo wa nazi, akamchekesha mama yake kwa habari za mkubwa wao. Alisema kepteni wao ana vidole vitatu mkono wa kushoto, lakini kwa vitatu hivyo hufunga fundo ambalo wenye kumi hawaliwezi. Kisha Salimu akarudi melini, na meli ikaenda upande wa Bukini, yaani Madagaska, na haikurudi. Serikali ilisema baadhi ya mabaharia hawajulikani walipo. Basi siku ya kwanza Bwana Vidole alipopita mbele ya kibao na kuinua mkono kuamkia, Suleiman alimjua. Kwa miaka miwili amemjua, na kwa miaka miwili kila Ijumaa ya kwanza alijiambia, mwezi ujao nitamwuliza.

Kisa cha nyumbani ndicho kilichomfunga ulimi. Mama yao, Bi Kadzo, hakukubali Salimu asomewe hitima wala asaliwe sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo. Shehe alikwenda, wazee wakaenda, wote akawapa maji ya kunywa na kuwarudisha. Meli kutorudi si mtu kufa, alisema. Nileteeni mmoja aliyemwona. Mmoja tu anitosha, lakini mwanangu hazikwi kwa maneno ya waliosikia. Tangu siku hizo kila hodi mlangoni pake aliiitikia kwa namna moja kabla hajajua ni nani: karibu, mwanangu. Hata mwuza mkaa alikuwa mwanawe.

Sasa Bi Kadzo alikuwa hainuki bila kushikwa. Na juzi, Suleiman alipokuwa anamgeuza mto, mama alimwambia neno lililomkaa kifuani kama mwiba mwembamba wa samaki, usiotoka kwa sababu hauonekani. Alisema, "Mimi kufa siogopi. Lakini nikifa sijui kama nakwenda kumkuta Salimu au namwacha huku nyuma peke yake."

Kibaoni maneno yalikuwa yameshahama. Sarange alikuwa anaeleza kazi ya kepteni.

— Mwajua taabu ya mwanajeshi wa bahari ni amani. Wa nchi kavu vita vikiisha huenda shambani, akapanda mahindi, akasahau. Huyu atalima nini? Maji hayalimiki. Ndipo wakampa kamba.

— Kamba gani?

— Ya kupimia. Baada ya vita mimi nilimwona kwa macho yangu huko Gazi, na mbele ya kisiwa cha Chale. Yumo ndani ya mashua, yuateremsha timazi nzito ya risasi kwa kamba, yuaipandisha, yuasoma, yuaandika. Mchana kutwa. Mtu aliyekuwa na mizinga, sasa yuaiuliza bahari, una kina gani?

— Hakuwa akipima kina, alisema Redio. Alikuwa akitafuta dhahabu ya Mjarumani. Wajarumani walipokimbia Tanga katika vita vya kwanza walitupa makasha matatu.

— Mwaka jana ulisema mawili.

— Moja limepatikana kuwa lilikuwapo.

Hakimu alikataa dhahabu. Kwa maoni yake, serikali haimlipi mtu mshahara wa kepteni kutafuta makasha. Walikuwa wanahesabu samaki, ili kila samaki atozwe kodi kabla hajavuliwa, na mvuvi akija na tenga aambiwe, hawa wote wanajulikana kwa majina. Sarange akasema samaki hahesabiki kwa kamba. Hakimu akasema hata mtu hahesabiki kwa kipande cha kitambulisho, na bado kila mmoja wetu anacho.

— Na vidole? aliuliza Mzee Jumbe, ambaye alipenda kuchochea kuliko kuchemsha. Vilikwenda wapi?

Vidole vilikuwa mada ya zamani. Sarange alishikilia kwamba ni kamba ya chuma, ikikazwa na winchi haiulizi kidole cha nani. Redio alikuwa amemwachia papa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akampa Mjapani, na leo alikuja na jipya. Ati kepteni alivitoa mwenyewe. Kuna jini wa kike pale Chale, upande ambao watu hawakati miti. Alipokuwa akipima maji risasi yake ilimwangukia mtoto wa jini kichwani, na kwa fidia akadaiwa vidole viwili. Ndiyo sababu kila mwezi huja kusimama akivua kofia, maana deni halijaisha.

— Chale iko kule, alisema Hakimu, akionyesha kaskazini. Yeye husimama akitazama mashariki.

— Jini hakai mahali pamoja.

— Basi angesimama Diani, karibu na kitanda chake.

Hapo Redio alibanwa, na mtu akibanwa husema lolote.

— Haya, tuacheni jini. Mimi nasema huyu alipoteza meli. Mzungu hasimami jua kali kofia mkononi kwa ajili ya samaki. Yuangoja meli yake ipande juu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na vilivyozama je? Vina mwenyewe.

Alisema akicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni, kwa sababu alikumbuka aliyekaa karibu naye. Sarange akakohoa. Hakimu akaukunja mkeka uliokuwa hauna haja ya kukunjwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekula futari nyumbani kwa Bi Kadzo tangu wana hao wawili wakiwa wadogo, na walijua kila Ramadhani kuna bakuli moja pale, la Salimu, linalofunikwa na halifunuliwi na mtu. Lakini Suleiman hakuwahi kuwaambia habari ya vidole vitatu, na wao hawakuwahi kuunganisha.

— Samahani, Kimya, alisema Redio. Ulimi hauna mfupa.

Hiyo ndiyo methali ya kwanza aliyoipata sawasawa mwaka huo. Suleiman akamwambia hapana neno. Alikuwa anaitazama njia ya pwani. Katika nafsi yake alikuwa anaogopa, na hofu yake haikuwa ya Mzungu, ingawa hata hiyo ilikuwapo, maana katika zama hizo mtu hakumsimamisha Mzungu njiani na kumwuliza alichofanya na ndugu yake. Aliogopa jibu. Asipouliza, Salimu yuko mahali. Akiuliza, na jibu likawa lile, itakuwa yeye Suleiman ndiye aliyemzika.

Mvua ikapita, matone mazito machache, na pamoja nayo akafika mtu wasiyemjua, wa makamo, mwenye fimbo ya kuchungia na kamba tupu begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Karibu, karibu kahawa. Sogea, hapo pavuja.

Kikombe kilikuwa mkononi mwake kabla hajaulizwa jina. Aliposhusha pumzi ndipo walipomwuliza, naye akasema yeye ni Garama, Mduruma wa Kinango, ameleta mbuzi mnadani, mbuzi wamekwisha, sasa angoja lori. Walimpa pole ya ukame wa kwao, akapokea. Akanywa kimya kimya, akiwasikiliza wakirudi Suweis, mahali ambapo palikuwa salama zaidi.

Wakati huo ndipo Bwana Vidole alipopanda kutoka pwani. Alikuja polepole, kofia mkononi, shati limelowa mabegani. Uso wake ulikuwa wa mtu mzee tu. Alipofika mbele ya kibao alisimama.

— Salaam aleikum.

— Waaleikum salaam, waliitikia wote kwa pamoja.

Akatua. Safari hii alitua zaidi. Akamtazama mmoja baada ya mwingine, akavaa kofia, akaelekea mivinjeni lilipokuwa gari lake.

Mzee Jumbe aliliinamisha dele la kahawa, akachungulia. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja na masimbi, yale mashapo. Hakimu akanyoosha mkono wake kama kawaida.

Garama akaweka chini kikombe chake.

— Niwieni radhi, wazee wangu. Mimi ni mgeni, labda huku mna desturi nyingine. Kwetu Kinango maji twayafuata mbali, lakini mpita njia akikuamkia, huambiwa karibu, akapewa cha mdomoni, ndipo akaulizwa atokako. Mimi mmenipa kahawa hamnijui hata jina. Yule ameamkia kiislamu, akasimama. Mbona hamkumwambia karibu?

— Yule Mzungu, alisema Redio.

— Mzungu hanywi kahawa?

Redio akafungua kinywa. Kwa miaka miwili alikuwa na jibu la kila kitu cha mtu yule, vidole vyake, kamba yake, jini wake. Hili hakuwa nalo. Hakimu akatafuta hukumu, asiione, na mkono wake ukarudi gotini wenyewe. Ni kweli, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwambia neno lile. Walikuwa wamedhani Mzungu hawezi kukaa juu ya kibao cha mnazi, na kwa kudhani hivyo wakamnyima nusu ya salamu.

Mlango wa gari ulisikika ukifunguliwa.

Mzee Jumbe akamimina kikombe cha mwisho. Hakumpa Hakimu. Alimnyooshea Suleiman.

— Nenda, mwanangu, alisema. Kitapoa.

Suleiman hakujua mzee alikuwa amejua nini na tangu lini. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akaenda nacho kwenye majani yaliyolowa, na kahawa ikammwagikia kidole gumba, naye hakuhisi kama yaunguza. Bwana Vidole alikuwa keshatia mguu mmoja garini.

— Bwana Kepteni. Karibu. Karibu kahawa.

Yule mzee aliutoa mguu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa neno na kulitunza asilitumie:

— Nimekaribia.

Wakarudi pamoja. Garama alimpisha, akakaa pale pavujapo. Kepteni akaketi, kibao kikalia, akapokea kikombe kwa vidole vyake vitatu na kukinywa chote bila haraka, na hakuna aliyemsemesha mpaka alipokirudisha kwa Mzee Jumbe na kushukuru. Ndipo Suleiman alipouliza, na hata yeye alishangaa swali lilivyotoka dogo.

— Bwana waja hapa kila mwezi. Watafuta nini?

— Nangoja kuulizwa, alisema Kepteni. Kiswahili chake kilikuwa cha melini, kizito, lakini kimenyooka. Katika meli yangu alikuwako kijana wa hapa. Ndiye aliyenifundisha desturi zenu. Alisema kwao mtu hatoi habari ya msiba akiwa amesimama njiani. Hukaribishwa, akakaa, akanywa, akaulizwa. Basi nilikuja, nikaamkia. Nikangoja.

— Ungeuliza nyumba, Bwana, alisema Sarange kwa upole. Tungekuonyesha.

— Niulize nyumba kwa uso gani? Nilimchukua mtoto wa watu sikumrudisha. Nilisema, watakaonikaribisha ndio watakaotaka kujua. Kisha nikaona hamnikaribishi. Nikafikiri mwajua mimi ni nani, na ndiyo sababu.

Redio alikuwa ameinamisha kichwa. Kepteni aliutazama mkono wake, akaendelea kama mtu anayejisemea.

— Vita viwili nimepigana. Amani ilipokuja nilipewa kupima kina cha maji, kisha nikafundisha vijana Kilindini kufunga kamba na kusoma bendera. Kazi hizo zote nilipostaafu nilizikabidhi, nikapewa mkono. Hii moja sikupata wa kumkabidhi.

Suleiman akamsogelea.

— Jina lake Salimu, alisema.

— Salimu, mwana wa Kadzo, alisema Kepteni. Alisema baba yake alifariki yeye mdogo, na nduguye hutengeneza vitanda. Ni wewe.

— Ni mimi. Ulimwona?

— Nilimwona. Kwa macho yangu, mpaka mwisho. Nilikuwa nimemshika kwa mkono huu.

Machozi yakamtoka Suleiman mbele ya watu, wala hakuyaficha. Sarange akasema inna lillahi kwa sauti ya chini, na wengine wakamfuata. Kepteni alitaka kuendelea, maneno yalikuwa yamemsonga kwa miaka, lakini Suleiman alimgusa goti.

— Basi, Bwana. Usiniambie mimi. Yuko anayestahili kuisikia habari hiyo kwanza. Amengoja mtu mmoja tu, aliyemwona.

Akasimama, na Kepteni akasimama. Mzee Jumbe alilifudikiza dele juu ya majivu, kuonyesha kahawa imekwisha, ingawa hakuna aliyekuwa akitaka. Nyuma yao Redio alianza kusema, wahenga walisema, kisha akaacha, na Hakimu akamwuliza Garama kwa adabu kama lori lake halijafika.

Nyumba ya Bi Kadzo haikuwa mbali, nyuma ya msikiti, ua wake umezungushwa makuti. Njiani hawakusema kitu. Mlangoni Suleiman aliinama kuvua makubazi, na alipoinuka alimwona Kepteni naye ameinama, anahangaika na kamba za viatu vyake. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, hata Suleiman akapiga goti akamfungulia.

— Piga hodi wewe, Bwana, alisema.

Kepteni akavua kofia.

— Hodi.

Kitanda kililia ndani, kile ambacho Suleiman mwenyewe alikitengeneza. Kisha ikaja sauti, nyembamba, ya mtu anayejaribu kuinuka.

— Karibu, mwanangu.

Kepteni hakuweza kujongea. Suleiman akamshika mkono wenye vidole vitatu, akasukuma mlango.